Olimpiki ya Baridi Sumbawanga? Usicheke Kwanza

Wadau, aliyewahi kushuka basi Sumbawanga alfajiri ya mwezi wa saba anajua baridi ya pale haina utani. Ndiyo maana ikija Olimpiki ya baridi hakosekani wa kusema, "Leteni Ufipa, kwani tumepungukiwa nini?" Haya, tupige hesabu.

Mpaka leo jiji lililoandaa Olimpiki zote mbili, ya kiangazi na ya baridi, ni moja tu: Beijing, 2008 na 2022. Zamani hata hazikutenganishwa. London 1908 watu waliteleza kwenye barafu ndani ya Olimpiki ile ile ya wakimbiaji. Michezo ya baridi ilipata Olimpiki yake mwaka 1924, Chamonix, Ufaransa. Shida ikawa kwamba miji ya theluji ni midogo, na majiji yenye viwanja vikubwa mara nyingi hayana milima.

Beijing walichomokaje? Hela na mashine. Theluji ya 2022 karibu yote ilitengenezwa, baadhi ya mashindano yakapelekwa Zhangjiakou, na ukumbi wa kuogelea wa 2008 ukawekwa barafu.

Sasa sisi. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa upande mmoja na Tanganyika upande wa pili yako chini zaidi kwa mita 1,000 hivi. Mbio za kuteremka mlima kwa wanaume zinataka mteremko wa mita 800 na kuendelea, kwa hiyo kwenye karatasi tumepita. Tunafeli kwenye baridi yenyewe: hata mashine ya theluji inataka hewa ya karibu nyuzi sifuri, na ya Ufipa ni ya koti na blanketi tu.

Ila mwinuko una faida nyingine kabisa. Mexico City 1968, zaidi ya mita 2,200 juu, dhahabu zote za mbio za wanaume kuanzia mita 1,500 hadi marathoni zilikuja Afrika. Nne kati ya tano zilichukuliwa na Kenya na Ethiopia, watu waliozoea hewa nyepesi. Tanzania mpaka sasa ina medali mbili tu za Olimpiki, fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980.

Kwa hiyo theluji tuwaachie wenyewe. Ufipa inahitaji kiwanja, kocha na viatu kwa dogo anayekimbilia shule kila asubuhi kwenye hewa hiyo hiyo. Nani anaanza?