Kiraka Chenye Jina

Mwaka 1985 Larry Wall alitoa programu iitwayo patch, yaani kiraka. Badala ya programu nzima, watu wakatumiana mistari iliyobadilika tu. Linux, iliyoanza 1991, ilikua kwa viraka vilivyosafiri kwa baruapepe. Kufikia 1998 wachangiaji walilalamika: viraka vyao vilikuwa vinapotea mikononi mwa Linus Torvalds. Mwaka 2005 akaunda Git. Hiyo husoma rundo la barua, ikapachika viraka kwa zamu, ikatunza jina la mwandishi, tarehe na maelezo yake.

Kijana wa Rungwa, kwenye barabara ya Itigi kwenda Chunya, anaweza kushona kiraka bila mtandao, akautafuta siku ya kutuma tu. Kikikubaliwa, aliyekipachika hataandikwa kuwa ndiye fundi.