Mahali Palivyopewa Namba

Karibu mwaka 1630, daktari Théophraste Renaudot alifungua ofisi mjini Paris ya kuwakutanisha watu wanaotafutana. Mwenye chumba cha kupangisha, mwenye mali ya kuuza, mtumishi asiye na kazi, wote waliandikwa daftarini, na mwenye shida alikwenda kuuliza. Ofisi ile ndiyo babu wa tovuti za saraka ambazo leo tunaziuliza fundi wa friji aliye karibu. Lakini nyumba nyingi za Paris wakati huo hazikuwa na namba. Mtu alielekezwa kwa jina la mtaa na bango la duka la jirani.

Namba zilipokuja, hazikuletwa kwa ajili ya mteja. Mjini Vienna, mwaka 1770, serikali ya mtawala Maria Theresa ilizipa nyumba namba ili iwapate vijana wa kuingiza jeshini. Paris ilipata utaratibu wake mwaka 1805: shufwa upande mmoja wa barabara, witiri upande wa pili. Utafutaji wa leo umejengwa juu ya kazi hiyo ya dola, na umerithi pia kasoro yake: asiyeandikwa haonekani.

Mji wa New Haven, Marekani, unaingia katika historia hii mara mbili. Februari 1878 ilitolewa huko orodha ya wateja wa simu, karatasi moja tu yenye majina hamsini hivi, bila namba ya simu hata moja. Mwaka 1967, mji huohuo ukawa uwanja wa majaribio wa ofisi ya sensa ya Marekani. Kila kipande cha barabara kiliingizwa kwenye kompyuta: kinaanzia wapi, kinaishia wapi, nyumba za kushoto zina namba zipi na za kulia zipi. Ukitaja nyumba namba 150 kwenye kipande kinachoanzia 100 hadi 200, kompyuta inakadiria kwamba iko katikati. Kwa hesabu hiyo nyepesi anwani iligeuka nukta yenye latitudo na longitudo, na mbinu hiyo inatumika hadi leo.

Ikabaki shida ya wingi. Kama saraka ina maduka milioni, kupima umbali wa kila moja kwa kila anayeuliza ni kupoteza muda. Mwaka 1974 Raphael Finkel na Jon Bentley walipendekeza eneo ligawanywe sehemu nne, na kila sehemu igawanywe tena nne, na tena. Kwa hiyo ukiandika "fundi wa friji, Tandale", tovuti inayotumia mbinu ya aina hiyo hulitafutia jina la Tandale nukta yake, huchukua sehemu zinazoizunguka na kuacha nyingine zote, kisha hupima umbali wa mafundi wachache waliobaki. Upimaji wenyewe lazima ufuate mviringo wa dunia: nyuzi moja ya longitudo hapa kwetu karibu na ikweta ni takriban kilomita 111, lakini Oslo, mbali kaskazini, haizidi 56 hivi. Na Mei 2000 Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, ikawa rahisi kwa kifaa kujitajia mahali kilipo.

Umbali huo, hata hivyo, ni wa ndege arukaye moja kwa moja. Aliyeko Kivukoni, Dar es Salaam, ataambiwa kwamba duka la Kigamboni liko chini ya kilomita moja. Ni kweli, lakini katikati kuna bahari, na atasubiri pantoni au azunguke hadi daraja lililofunguliwa mwaka 2016. Saraka isiyojua pantoni haijui Dar es Salaam.

Tatizo kubwa zaidi ni la wale waliokosekana ramanini. Hadi mwaka 2009, Kibera ya Nairobi, yenye shule, zahanati na maduka tele, ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni, hadi vijana wa hapohapo walipoanza kuichora wakiwa na vifaa vya GPS mkononi. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi na wakazi kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Mwaka 2022, kabla ya sensa, Tanzania iliendesha operesheni ya kubandika namba za nyumba na vibao vya mitaa nchi nzima. Naiheshimu kazi hiyo kuliko programu yoyote ya kutafuta, maana programu haitafuti kisichoandikwa.

Ndugu zangu mnaotengeneza saraka za kwetu, msimlazimishe mama lishe ajaze jina la barabara ambayo haina jina. Mpeni nafasi ya kuandika "nyuma ya msikiti, mkabala na kisima", na kitufe cha kubandika nukta yake mwenyewe. Nawe mwenye duka, fungua ramani leo uitazame nukta yako; kama imekaa mtaa wa pili, irekebishe.