Jiwe la Mugere na Majina Yasiyoandikwa

Katika makala haya mafupi tunakusudia kulijadili jiwe la Mugere kama matini ya kihistoria, na kuonyesha jinsi linavyoweza kumfaa mwalimu wa Kiswahili. Jiwe hilo kubwa liko kwenye mwinuko unaotazama Ziwa Tanganyika, yapata kilomita 12 kusini mwa Bujumbura, upande wa njia iendayo Rumonge. Limeandikwa majina mawili tu, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe: 25-XI-1871.

Baadhi ya wageni huambiwa kwamba hapa ndipo Stanley alipomsalimu Livingstone kwa mara ya kwanza. Sivyo. Wawili hao walikutana Ujiji, katika Kigoma ya leo, na Stanley aliandika kuwa ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Mugere walifika baadaye, wakalala siku mbili, katika safari ya mtumbwi ya kuuchunguza mto Rusizi. Swali lilikuwa: je, Rusizi hutoka ziwani na kuelekea Nile? Burton na Speke walishindwa kuufikia mwaka 1858. Livingstone na Stanley walijionea kwamba mto huo huingia ziwani. Kwa hiyo, Tanganyika si chanzo cha Nile.

Ajabu ni kwamba chemchemi ya Nile iliyo kusini zaidi imo katika milima ya Burundi yenyewe, huko Rutovu. Burkhart Waldecker, Mjerumani, aliitambua mwaka 1937, na mwaka 1938 ikajengewa piramidi ndogo ya mawe. Maji yake hupitia Ruvyironza, Ruvubu na Kagera hadi Ziwa Viktoria. Wenyeji walikuwa wakiyachota maji hayo kabla ya piramidi kujengwa.

Kumbukumbu hizi mbili zina kasoro moja: zinamtaja aliyefika, hazimtaji aliyemfikisha. Mtumbwi wa mwaka 1871 haukujiendesha. Ulikuwa na wapiga makafi, mpishi na viongozi wa njia kutoka Ujiji. Misafara ya siku hizo ilisikilizana kwa Kiswahili, lugha iliyokwisha kufika ziwani pamoja na wafanyabiashara na wapagazi kutoka pwani. Aidha, Wajerumani walipojenga boma la Usumbura mwaka 1897, Kiswahili kiliwatangulia. Hadi leo kinasikika Buyenzi mjini Bujumbura, na katika soko la Rumonge penye mawese na ndagala.

Jambo hili lina uzito darasani. Wapo wanafunzi wanaoamini kuwa Kiswahili kililetwa Burundi na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi ilijiunga nayo mwaka 2007. Wengine hulitumia neno "Mswahili" kwa maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Mwanafunzi mwenye mawazo hayo hujifunza lugha ya ziwa lake kana kwamba ni ya watu wengine.

Tunapendekeza zoezi jepesi. Wanafunzi walitembelee jiwe, wanakili maandishi yake, kisha wawaulize wavuvi na wazee wa Rumonge maneno ya mtumbwi, kafi, upepo na wavu. Baada ya hapo kila mmoja atunge kwa Kiswahili maandishi mapya ya jiwe, yasiyozidi maneno ishirini, yanayowataja pia waliopiga makafi.