Umuravumba: Mmea wa Uani na Majina Yake

Wanafunzi wetu wanaotoka Gisenyi hawahitaji kuelezwa umuravumba ni nini. Ni kichaka cha uani, chenye majani laini yanayonata na harufu kali. Wakati wa kiangazi majani hupukutika na vishada vya maua madogo hutokea, meupe au ya zambarau hafifu. Wanyarwanda wameutumia kutibu malaria, minyoo, maumivu ya kichwa na jipu la jino.

Tatizo huanza wanapoandika insha ya Kiswahili. Katika mji huu unaopakana na Goma, Kiswahili husikika sokoni kila siku, lakini jina la mmea huu ni la Kinyarwanda. Basi mwanafunzi huandika "mwarobaini", kwa kuwa nao ni dawa ya homa. Hilo ni kosa, tena la hatari: mwarobaini ni mti mwingine kabisa, uliotoka Bara Hindi. Anayefuata insha hiyo atachuma majani asiyoyajua.

Wataalamu wa mimea nao walihangaika. Katika karne ya 19 Hochstetter aliuita Moschosma riparium. Mwaka 1910 N. E. Brown aliuweka katika jenasi Iboza, jina alilolitoa katika Kizulu. Mwaka 1983 Codd aliuhamishia Tetradenia, na huko ndiko ulipo mpaka leo.

Kinyarwanda hakikubadili kitu. Zaidi ya hayo, mwaka 1979 Luc Van Puyvelde na wenzake, wakiwemo Wanyarwanda Uwimana na Uwera, walichapisha kemikali mpya walizozipata katika majani yake, na mojawapo ikaitwa umuravumbolidi. Mwaka 1986 Van Puyvelde alitangaza nyingine, inayozuia baadhi ya bakteria na kuvu maabarani. (Maabarani, nasisitiza, kikombe cha majani yaliyochemshwa ni jambo jingine.)

Kwa hiyo wanakemia wa dunia hutamka neno la bibi zetu, nasi walimu wa Kiswahili tunalikwepa! Sioni sababu. Umu- ya Kinyarwanda na m- yetu ni ndugu, na wingi wake imi- unalingana na mi-. Mimi nawaruhusu wanafunzi waandike mravumba, miravumba, katika ngeli ya M-MI pamoja na mti na mgomba, na mara ya kwanza waongeze Tetradenia riparia kando yake.