Unururifu si Mionzi

Mgonjwa anayepigwa eksirei katika hospitali ya KCMC, Moshi, hupitiwa na mionzi hadi mifupani, kisha hutoka bila kubaki nayo. Mnyama aliyekula majani yenye strontiamu-90 ana hali nyingine: mifupa yake yenyewe hutoa mionzi. Hali hii ya pili ndiyo unururifu.

Mionzi ni nishati au chembe zinazosafiri. Unururifu ni tabia ya dutu ambayo viini vya atomu zake si thabiti, hivyo huvunjika vyenyewe na kutoa mionzi. Neno limetokana na nuru, ingawa mionzi hiyo haionekani kwa macho. Dutu ya namna hiyo huitwa nururifu. Mashine ya eksirei huzimwa. Unururifu hauzimwi, hupungua kwa nusumaisha, yaani muda wa nusu ya viini kuvunjika. Kwa strontiamu-90 ni miaka 29 hivi.

Strontiamu inafanana na kalsiamu kikemia, hivyo mwili huihifadhi mifupani. Ili kuipima, mfupa huchomwa ukawa majivu, strontiamu ikatenganishwa, kisha chembe za beta zikahesabiwa. Jibu hutolewa kwa bekereli: kiini kimoja kuvunjika kwa sekunde.

Mwaka 1963, Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti zilitia saini mkataba wa kukomesha majaribio ya nyuklia angani. Majaribio hayo yalikaribia kuongeza maradufu kaboni-14, ambayo nayo ni nururifu, hewani. Mimea iliivuta, tembo wakaila, ikaingia katika pembe zao. Baada ya mkataba kiwango kikashuka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kaboni-14 ya pembe hufichua pembe hiyo ilikua lini. Mwaka 2016, mtafiti Thure Cerling na wenzake walionyesha kwamba karibu pembe zote walizopima, zilizokamatwa kati ya 2002 na 2014, zilitoka kwa tembo waliokufa miaka isiyozidi mitatu kabla ya pembe hizo kukamatwa. Dai kwamba pembe zinazokamatwa ni akiba ya zamani halikusimama.

Kwa mantiki hiyo ya kutenganisha unururifu na mionzi, "uchafuzi wa mionzi" ungeitwa kwa usahihi zaidi uchafuzi nururifu, kwa kuwa kinachochafua ni dutu iliyobaki. Vivyo hivyo, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania inapopima "mionzi" katika chakula, inachotafuta ni unururifu: kila kilo ina bekereli ngapi.