Namba ya Babu (Sehemu ya 4)

ILIPOISHIA: Sanduku la chuma la marehemu Babu lina makufuli mawili ya namba, kila moja la tarakimu nne. Ukurasa wa mwisho wa daftari lake la biashara ya chisense, yaani dagaa, una namba moja tu: 1,022,117. Alfajiri, Baba Mdogo anavuka nalo sanduku hilo kwenda Kilwa, upande wa Kongo.

SASA ENDELEA...

"Bado uko na hesabu tu?" Shangazi aliuliza akiwa mlangoni. "Saa nane hii, mwanangu!"

"Karibu namaliza, Shangazi."

Nje, mji wetu wa Kashikishi ulikuwa macho. Kesho yake ni Machi 1. Ziwa Mweru, lililofungwa kwa uvuvi tangu Desemba, linafunguliwa. Ufukweni wavuvi walikuwa wakijaribu taa za kuvulia chisense. Mimi nilikuwa sakafuni na tochi ya simu, daftari linalonuka dagaa mapajani.

Namba ile ilikuwa kaidi. Inaishia na 7, basi 2 na 5 haziingii. Nilijumlisha tarakimu zake nikapata 14. 3 nayo nje. Nikagawa kwa 7, ikabaki 5. Kwa 11, ikabaki 8. Kwa 13, ikabaki 5 tena. Chini ya 1,000 kuna namba tasa 168. Kungekucha!

Ndipo nikamkumbuka Pierre de Fermat. Babu hakuchoka kumsimulia: mwanasheria Mfaransa wa karne ya 17, aliyecheza na namba kama wazee wanavyocheza bao. Usihangaike kugawa, Fermat alifundisha. Tafuta mraba ulio juu kidogo ya namba yako, kisha tazama kilichozidi.

Nikazidisha 1,011 kwa 1,011. Jibu: 1,022,121.

Imezidi 4. Na 4 ni mraba wa 2!

Basi kwenye 1,011 toa 2, ongeza 2: 1,009 mara 1,013. Zote tasa.

Tangu wanasayansi wa kompyuta Rivest, Shamir na Adleman waonyeshe njia mwaka 1977, siri nyingi za mitandao zimefungwa hivyo hivyo, kwa zao la tasa mbili. Ila wataalamu huchukua tasa zenye mamia ya tarakimu, tena zilizoachana mbali, ili ujanja wa Fermat usifue dafu. Babu alichagua majirani. Alitaka sanduku lifunguke, lakini kwa mtu aliyemsikiliza.

"Shangazi, nishikie tochi!"

Nikazungusha 1-0-0-9. Kufuli la kwanza likaachia.

Nikainamia la pili, kidole kikagoma njiani. Jioni lilisoma 0-0-0-0, nililiona kwa macho yangu. Sasa lilisoma 1-0-1-3.

"Shangazi... nani aliingia humu ndani?"

Tochi ikazimwa. Nyuma yangu, mlango ukafungwa kwa komeo.

"Kwani ulidhani," sauti yake ilikuja taratibu gizani, "baba yangu alikusimulia wewe peke yako?"

ITAENDELEA WIKI IJAYO