Dawa Iliyotoka Udongoni

Mbolea yetu hutoka Kawangware. Huja kwa mkokoteni kila baada ya miezi miwili mitatu, magunia mawili yaliyofungwa kwa kamba ya manila. Jamaa wa mkokoteni huyashusha mlangoni petu hapa Kisumu Ndogo, Kibera, kisha ananawa mikono kwa maji ya mathe kabla hajalipwa. Ndani huwa maranda ya mbao, manyoya na kinyesi cha kuku wa gredi. Mathe huchanganya na udongo, anajaza magunia yake ya mboga, na sukuma wiki inatoka kubwa kama sahani. Sukuma hiyo ndiyo ilinilipia karo ya chuo mpaka mwaka wa pili, pesa zikakataa, nikarudi nyumbani.

Mwaka jana, nikimsaidia kuchanganya, nilipata pakiti tupu ndani ya mbolea. Oksitetrasaiklini, unga wa kutia kwenye maji ya kuku. Nyuma kulikuwa na onyo kwa herufi ndogo: baada ya dawa, subiri siku kadhaa kabla ya kuuza nyama au mayai. Niliisoma mara mbili nikitafuta neno moja kuhusu kinyesi. Hakuna.

“Mathe, umeona hii?”

“Ni dawa ya kuku, nyathina. Kwani kuku wa gredi ataishi na maombi?”

Nilikuwa nasoma biokemia kabla niache chuo, na hiyo kiu haikuisha na karo. Nikanunua bando, nikaanza kuifuatilia dawa hiyo kinyumenyume. Ilinipeleka moja kwa moja kwenye shimo la udongo.

Mwaka 1945, mtaalamu wa mimea aitwaye Benjamin Duggar alikuwa amepita miaka 70, amestaafu chuo kikuu, na bado anafanya kazi katika maabara za kampuni ya Lederle, Marekani. Alikuwa ameomba watu wamtumie udongo kutoka kila mahali, akitafuta viumbe vidogo vinavyoua bakteria. Sampuli moja ilitoka Missouri, kwenye shamba la majaribio liitwalo Sanborn Field, kipande cha ardhi kilichooteshwa nyasi tangu 1888 bila kutiwa mbolea. Rudia hapo: bila mbolea. Ndani yake kulikuwa na kijidudu kilichotoa kitu cha rangi ya dhahabu, na kutoka kwacho ikaja tetrasaiklini ya kwanza, Aureomycin, iliyotangazwa 1948. Binamu yake, oksitetrasaiklini, ilitolewa na Pfizer mwaka 1950 kwa jina la Terramycin. Terra ni ardhi kwa Kilatini. Hawakuficha ilikotoka.

Kuku waliingia karibu kwa bahati. Thomas Jukes, pia wa Lederle, alikuwa anatafuta chakula rahisi chenye vitamini B12 kwa vifaranga. Aliwalisha masalio yaliyobaki baada ya kutengeneza Aureomycin, takataka ya kiwanda kwa kifupi. Siku ya Krismasi 1948, wenzake wakiwa likizo, aliwapima mwenyewe. Waliokula masalio walikuwa wameongeza uzito kuwapita wengine, na haikuwa vitamini peke yake. Ilikuwa dawa. Kufikia 1951 serikali ya Marekani iliruhusu antibiotiki katika chakula cha mifugo bila agizo la daktari. Mgonjwa hakuhitajika tena. Kuku mzima alikuwa anakula dawa ili anenepe haraka.

Waingereza walishtuka mapema kidogo. Mwaka 1969 kamati ya Swann ilishauri tetrasaiklini isitumiwe tena kunenepesha mifugo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kunenepesha kuanzia 2006. Hapa kwetu, Profesa Eric Mitema wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walihesabu antibiotiki zilizotumiwa kwa mifugo ya Kenya kati ya 1995 na 1999. Walipata wastani wa tani 14 na zaidi kila mwaka, na zaidi ya nusu ilikuwa tetrasaiklini.

Shida ni kwamba mwili wa kuku hauimalizi. Sehemu kubwa hupita ikiwa nzima, inaanguka kwenye maranda. Halafu tetrasaiklini ina tabia ya kung'ang'ania: hushikana na udongo wa mfinyanzi, na kalsiamu, na mboji, ikakaa hapo wiki au miezi. Dawa za jamii ya salfa haziko hivyo. Hizo husafiri na maji, na maji ya Kibera unajua huteremkia wapi.

Na Kibera ina historia yake na udongo. Kabla ya kuwa mabati ilikuwa shamba. Wanajeshi wa Kinubi walipewa ardhi hii mwanzoni mwa karne ya 20, wakaiita Kibra, yaani msitu, wakalima na kufuga. Watu wa Nyanza walikuja baadaye, wakauita mtaa wao Kisumu Ndogo. Kufikia wakati nazaliwa hakukuwa na mahali pa kupanda hata kitunguu. Baada ya vurugu za 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités International lilieneza bustani za magunia hapa, kwa sababu gunia halihitaji shamba. Mathe alianza na mawili. Sheria ya kaunti ya kutambua kilimo cha mjini ilikuja 2015, magunia yakiwa yamezoeleka kitambo.

Watu walipouliza kama mboga hizi ni salama, swali lilikuwa risasi na maji taka. Courtney Gallaher na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu magunia ya Kibera mwaka 2013. Waliangalia metali nzito na vimelea. Dawa za kuku hazikuwa swali lao.

Sasa, kabla hujatupa sukuma yako: mboga hunyonya kiasi kidogo tu cha dawa, na kuosha na kupika vizuri huua bakteria. Mimi bado naila. Kinachonisumbua ni mikono ya mathe. Mwaka 1976 daktari Stuart Levy alichapisha jaribio lililofanywa kwenye shamba karibu na Boston. Kuku walilishwa oksitetrasaiklini, na ndani ya miezi sita hata familia iliyokaa hapo, ambayo haikuwa imemeza dawa hiyo, ilikuwa imebeba bakteria sugu tumboni. Hapa Nairobi, watafiti wa ILRI na wenzao walipita nyumba 99 mwaka 2015 na 2016, wakichukua sampuli kwa watu na kwa wanyama. Bakteria wa aina moja walionekana zaidi ndani ya nyumba ile ile kuliko kati ya nyumba na nyumba. Yaani ni mambo ya mkono, ndoo na mlango mmoja. Na mathe huchanganya mbolea bila glavu, kisha anambeba mtoto wa dadangu.

Nilipanda mathree mpaka Kawangware kumwona mwenye kuku. Nilienda na hasira, ukweli usemwe. Alinipa kiti, akanionyesha banda: kuku kama 200, safi kuliko hosteli niliyolala chuoni.

“Wakikohoa nikose kuwapa kitu, wiki moja wameisha,” alisema. “Daktari wa mifugo akija, nauli yake tu ni pakiti tano. Wewe kijana uliyesoma, ungefanya nini?”

Sikuwa na jibu. Niliuliza kama anaweza kuweka kando kinyesi cha siku za dawa. Alicheka, kisha akasema atajaribu kuandika tarehe kwenye gunia kwa kalamu ya wino mzito. Gunia lililofuata lilikuja na tarehe. La baada ya hapo halikuwa na kitu.

Kwa hivyo tumebaki na lundo. Kuozesha mbolea kwenye joto kali hupunguza dawa hizi, tetrasaiklini hasa, ingawa haimalizi yote. Nyuma ya nyumba tulirundika mbolea na maganda ya soko, tukamwagia maji, tukafunika kwa nailoni. Jirani analalamika harufu. Mathe analalamika kwamba nimemchelewesha kupanda wiki sita, na wiki sita ni pesa. Lakini glavu anavaa, zile za kuoshea vyombo, za waridi.

Jumamosi alichomoa chuma tulichochomeka katikati ya lundo, akanishikisha bila kunionya. Nilikiachilia. Kilikuwa moto.